Ulpiano Juu ya Kabati

Umeme ulirudi saa kumi alasiri, na mtaa mzima wa Villa Candelaria ukapiga kelele za furaha kama kawaida. Fredesvinda Peguero alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akachomeka friji, akafungua redio. Ndipo alipomsikia mumewe akikohoa juu ya kabati la vyombo.

Ulpiano alikuwa amekufa tangu juma la Pasaka. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye foleni ya kulipia umeme, na waliokuwa nyuma yake wanasema aliondoka kwa adabu, bila kumsukuma mtu. Sasa alikuwa amechuchumaa pale juu na suti aliyozikwa nayo, kichwa amekiinamisha kwa sababu dari ni fupi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya ukuta hadi kwenye kifundo, mahali ambapo plasta ilipasuka miaka mingi iliyopita na hakuna aliyejali kuiziba.

"Umevua viatu?" Fredesvinda aliuliza.

"Nimeviacha mlangoni."

Alikwenda kutazama. Vilikuwepo, vimepangwa sambamba, vina udongo wa makaburini. Akavigonganisha udongo ukadondoka, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

"Unafanya nini huko juu?"

"Kiungo kimelegea. Hapa ndipo waya wa friji unapokutana na ule unaotoka kwenye mita. Nilizisokota mwenyewe, nikafunga tepu. Tepu imekauka, imebanduka. Friji ikiwaka, panachemka. Nikiachia, nyumba itaungua."

"Na ukishika?"

"Nikishika panatulia."

Fredesvinda alimenya ndizi ya mwisho, akafikiri. Katika friji mlikuwa na nyama ya nguruwe aliyoitunza kwa ajili ya Jumapili.

"Basi shika," alisema.

Tangu siku hiyo Ulpiano alikuja na umeme na kuondoka na umeme. Huku kwetu San Pedro umeme hauna ratiba. Unaweza kuja alfajiri ukakaa mpaka chakula cha mchana, au ukaja ukachungulia ukaenda zake, kwa hiyo hakuna aliyejua ni lini atakuwepo. Mara nyingine alikatika katikati ya sentensi. Lililomkera zaidi ni besiboli. Redio ilikuwa ikitangaza mchezo, yeye akisikiliza juu ya kabati, na mara tu timu ya nyumbani ilipoanza kupata pointi, umeme ukakatwa, redio ikanyamaza na Ulpiano akatoweka. Aliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kuuliza, "Waliishia ngapi?"

Majirani walizoea upesi. Walikuja wakasimama mlangoni, wakamtolea pole ya msiba Fredesvinda mara ya pili, maana hawakujua adabu nyingine ya kutumia. Wengi walitaka awape namba za bahati nasibu. Ulpiano aliwaambia kwamba alikotoka hakuna namba, na kwamba yeye anashughulika na waya tu. Waliondoka wamenuna, wakisema kweli mtu hata akifa habadiliki, Ulpiano alikuwa mchoyo tangu zamani.

Aliyenuna zaidi alikuwa Doña Confesora, jirani wa ukuta mmoja. Kwake taa zilipepesa kama kope, na ukuta wa jikoni ulikuwa na joto la kutosha kukaushia soksi.

"Ulpiano," alisema, ameshika kiuno chini ya kabati, "hata kwangu ni wewe uliyefunga waya. Viungo vya magoti vinaniuma, viungo vya ukutani vinachemka, na wewe umekaa hapa kwa mkeo tu. Haki iko wapi?"

"Nina mikono miwili, Doña."

"Mmoja nauona umeshika. Na huo mwingine?"

"Huo nimejishikilia nisianguke."

Confesora aliutazama ule mkono wa pili kwa muda, akaona ni kweli, akaenda zake na soksi zake.

Halafu kulikuwa na suala la Don Eladio. Don Eladio aliuza tiketi za bahati nasibu pale kona, alikuwa mjane, na ndiye aliyemsimamia Niurka, binti wa Ulpiano, siku ya ubatizo. Baada ya maziko alianza kumletea Fredesvinda maparachichi. Aliposikia kwamba marehemu yupo, hakuacha kuja, ila alianza kuja umeme ukiwa umekatika. Mtaani watu walipokuwa wakilaani giza, Don Eladio alikuwa anachana nywele.

Alasiri moja walikuwa wamekaa mezani, kahawa imemiminwa, na Don Eladio ameweka kiganja chake karibu na kiganja cha Fredesvinda, bado hakijakigusa. Umeme ukarudi bila taarifa. Friji ikatetemeka, redio ikapaza sauti.

"Habari za mchana, Eladio," Ulpiano alisema kutoka juu.

"Njema, Ulpiano. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Maparachichi ya mwaka huu yanaonekana mazuri."

"Mvua imesaidia," alisema Don Eladio, akakitoa kiganja mezani, akakihifadhi mfukoni. Wakazungumza kuhusu mvua mpaka kahawa ikapoa.

Niurka alikuja mwezi wa Julai. Alikuwa akifanya kazi Bávaro, kwenye hoteli za watalii, akifunga umeme wa vyumba vipya. Alikuwa karibu hazungumzi na baba yake tangu alipomaliza shule, kwa sababu alipotaka kujifunza ufundi, Ulpiano alimkatalia mbele ya watu. Alisema umeme si kazi ya kike, nywele zitashika moto. Msichana akaenda kujifunza kwa watu wengine. Kwenye maziko alisimama nyuma, akaondoka na basi la kwanza.

Sasa aliweka begi lake la vifaa mezani, akamtazama aliyeko juu ya kabati.

"Naomba baraka, baba."

"Mungu akubariki, binti yangu."

Niurka alipanda kiti, akapanda meza, akaketi juu ya kabati upande wa pili, magoti yakakaribia kugusana na ya baba yake. Alitoa tochi, akamulika ndani ya tundu, katikati ya vidole vya marehemu.

"Huu waya ni wa shaba."

"Naam."

"Na huu ni wa alumini."

"Naam."

"Ukazisokota pamoja."

"Kwa koleo," alisema Ulpiano. "Nilizisokota vizuri sana."

"Hata ukizisokota mpaka zilie, hazipatani. Zikipata joto, moja inatanuka zaidi. Zikipoa, zinaachiana. Kidogo kidogo alumini inaota utandu, utandu unauzuia umeme, na umeme ukizuiwa unageuka moto."

"Mimi na marehemu mume wangu hivyo hivyo," alisema Doña Confesora, ambaye alikuwa amekwisha kuingia na kuketi. "Shaba na alumini."

"Nilizungusha tepu nyingi," Ulpiano alisema.

"Tepu haishiki waya, baba. Tepu inauficha tu." Niurka alizima tochi. "Uvute huo mmoja."

"Kwa nini?"

"Kiungo kizuri ukikivuta hakitoki. Vuta."

Ulpiano aliuvuta kwa mkono wa kushoto, ule wa kujishikilia. Waya ulichomoka kama mzizi wa mchicha. Friji ikanyamaza, cheche moja ikaruka, harufu ya kuungua ikashuka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Akaurudisha haraka, akaubana. Redio ikaendelea na matangazo.

"Aliye hai asifanye hivyo," Niurka aliwaambia waliokuwa chini. "Aliye hai anazima kwanza."

Kisha alifungua begi. Alikuwa na maboksi madogo ya plastiki yenye vifuniko, na mfuko wa viunganishi vya aina aina. Alimwekea baba yake kimoja kimoja kwenye goti, kama mtu anayeonyesha shanga. Kulikuwa na kofia ndogo zenye springi ndani, unazizungusha juu ya ncha za waya mpaka springi inauma. Hizo ni nzuri, alisema, kwa shaba na shaba, ila uchague saizi inayolingana na waya wako. Kofia kubwa kwa waya mwembamba ni sawa na kuvaa suruali ya mtu mwingine. Kulikuwa na vingine vyenye kiwiko unachokikunja kubana waya, na plastiki yake unaona ndani, hivyo huhitaji kubahatisha kama waya umefika mwisho. Mwishoni akatoa kimoja kizito zaidi, chenye matundu mawili na skrubu mbili, na mafuta mazito ndani yake.

"Hapa ni hiki. Kimetengenezwa kwa ajili ya shaba na alumini. Kila mmoja una chumba chake na skrubu yake. Umeme unapita, zenyewe hazigusani."

Ulpiano alikigeuzageuza. "Wanaishi nyumba moja bila kugusana."

"Ndiyo. Na chenyewe kinakaa ndani ya boksi, boksi lina kifuniko, na kifuniko kiko mahali mkono unapofika. Si ndani ya plasta."

"Niliomba maboksi," alisema Ulpiano.

Hakuna aliyemuuliza, lakini aliendelea. Villa Candelaria ilijengwa baada ya kimbunga, na Ulpiano ndiye aliyeongoza mafundi waliofunga waya nyumba zote. Alisema aliomba waya wa shaba wakamletea mabunda ya alumini, shaba kidogo tu ya kumalizia. Aliomba maboksi wakamletea katoni za tepu. Mhandisi Montás wa ofisi ya makazi, aliyesimamia ujenzi, alimwambia kwamba plasta inasitiri yote.

"Nilimwambia itakuja kuwaka."

"Ulimwambia kwa sauti gani?" Niurka aliuliza.

Ulpiano alitazama kiunganishi. "Ya chini."

"Na nyumba ya kona?"

Nyumba ya kona iliungua mwaka uliotangulia. Waliokuwemo walitoka na godoro moja na kasuku. Ofisi ya makazi ilisema ulikuwa mshumaa, ijapokuwa iliungua adhuhuri, jua likiwa utosini.

"Ile pia," alisema Ulpiano. "Jikoni. Kiungo kama hiki."

Fredesvinda alikuwa anachagua mchele. Alichagua punje zilezile mara mbili.

"Uliniambia nywele zitashika moto," Niurka alisema.

"Nilijua ungejifunza vizuri. Mtu akijifunza vizuri, siku moja atapasua plasta ya baba yake." Alimrudishia kile kiunganishi. "Niliona bora usijue."

Niurka alikipokea, akakifuta mafuta kwenye suruali. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema tu kwamba kazi haitachukua muda mrefu, lakini lazima azime swichi kuu.

Hapo wote walielewa, hata Confesora. Ulpiano aliishi na umeme. Swichi ikizimwa ataondoka, na kiungo kikiwa kizima hatakuwa na sababu ya kurudi.

"Ukimaliza, atakuja tena?" Fredesvinda aliuliza.

"Sijui, mama. Hotelini hawatufundishi hilo."

Fredesvinda aliosha mchele, akautia chumvi na mafuta, akaubandika. Watu walisubiri. Halafu akapanda kiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na akasema, "Nionyeshe vidole."

Ulpiano alitoa mkono nusu, akiwa bado amebana kwa vidole viwili. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria ya kuni.

"Vinauma?"

"Friji ikiwaka tu."

"Friji inawaka kutwa. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na nyama."

Fredesvinda alishuka. Alikuwa mke wake kwa miaka mingi na alijua kwamba mwanamume huyu angekaa pale mpaka mkono uishe, kisha aombe radhi kwa usumbufu. Aliona pia, na hili hakumwambia mtu siku hiyo, kwamba alikuwa amezoea kuwa na mume anayekaa juu, haulizi chakula, haachi taulo kitandani, na anaondoka umeme ukikatika. Ilikuwa miezi mizuri ya ndoa yao.

"Zima," alimwambia binti yake.

Niurka alikwenda kwenye swichi kuu, nyuma ya mlango. "Baba, nazima."

"Ngoja kidogo. Kuna mtu anapiga."

Walimngoja. Redioni, mchezaji wa timu ya nyumbani alikuwa na nafasi ya kusawazisha. Akazungusha gongo, akakosa, akazungusha tena, akakosa, na mtangazaji akaanza kuzungumzia sabuni.

"Zima tu," alisema Ulpiano. Kisha akaongeza harakaharaka, "Unapomenya waya usimenye sana, shaba isichungulie nje. Na wewe, Fredesvinda. Eladio ni mtu mwema. Ila asiguse soketi ya sebuleni."

Niurka alizima.

Juu ya kabati kulibaki alama mbili za soksi kwenye vumbi. Niurka alipanda na testa yake, akahakikisha waya umekufa, akahakikisha tena. Alikata ncha zilizoungua, akamenya upya, akazisugua, akaziingiza kila moja kwenye chumba chake, akakaza skrubu, akavuta waya mmoja, akavuta wa pili. Hazikutoka. Akapanua tundu, akaliweka boksi mle, akafunga kifuniko. Alikuwa akifanya kazi taratibu kuliko alivyofanya hotelini. Doña Confesora alimshikia tochi na hakuzungumza, na hilo nalo lilikuwa jambo geni.

Alipowasha, friji ilinguruma kwa utulivu. Wote wanne, maana Don Eladio alikuwa amefika akidhani umekatika, walitazama juu ya kabati. Hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa baridi. Fredesvinda alifunua wali, akaona ukoko umeshika vizuri, wa rangi ya dhahabu, na akakumbuka kwamba hakuna tena wa kugombania naye ukoko. Aliupakua wote kwenye sahani moja, akasimama nao.

Confesora aliaga, akaenda kwake. Muda si muda sauti yake ilipita ukutani.

"Fredesvinda! Mumeo yuko huku. Anauliza waliishia ngapi."

Fredesvinda alibeba sahani ya ukoko, akatoka nayo.

Niurka alitaka kumfanyia Confesora kazi ileile jioni hiyohiyo, lakini Confesora alikataa. Ukuta wake ulikuwa umepoa kwa mara ya kwanza tangu ahamie, na alikuwa na mtu wa kumweleza habari za magoti. Alikubali wiki chache baadaye, alipoona vile vidole. Ulpiano akahamia nyumba iliyofuata. Ndivyo ilivyokwenda. Niurka alipopata likizo alikuja, akatengeneza nyumba moja, na baba yake akasogea mlango mmoja. Walipanda makabati pamoja, wakabishana kuhusu kofia na viwiko, na mara moja, nyumbani kwa fundi viatu, Ulpiano alimwambia binti yake kwamba kiungo alichofunga ni kizuri. Niurka aliinama kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Lakini nyumba zilikuwa nyingi na likizo chache. Hapo Niurka aliwakusanya majirani, wakaenda ofisi ya makazi kudai kwamba aliyejenga ndiye atengeneze. Baada ya kuwasubirisha vya kutosha, Mhandisi Montás alikuja mwenyewe, shati lake la heshima, chacabana, limepigwa pasi mpaka linasimama. Walimpeleka katika nyumba ambamo Ulpiano alikuwa wakati huo. Aliinua macho.

"Ulpiano."

"Mhandisi."

"Nilisikia umefariki. Pole sana."

"Ahsante, mhandisi."

Mhandisi aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo, kama daktari. "Hapana joto," alisema. "Sioni hatari yoyote."

"Hapana hatari kwa sababu maiti ameushika waya," alisema Niurka.

"Ndivyo ninavyosema, binti. Ameushika." Akapangusa kiganja. "Mtaa huu una uangalizi wa kudumu. Kuna mitaa haina."

Majirani walinung'unika, lakini si sana, kwa sababu baadhi yao walikuwa wanaingoja zamu yao ya Ulpiano na hawakutaka kumuudhi mtu. Niurka alimtazama baba yake, akingoja aseme neno. Ulpiano alifungua kinywa. Midomo yake ilisogea, na walioketi karibu kabisa na kabati wanasema alisema, "Ni alumini, mhandisi." Alisema kwa sauti ya chini.

Mhandisi alikuwa akitazama mlangoni. "Na wenzako," aliuliza, "wale mafundi mliofanya kazi pamoja, wako wapi siku hizi?"

"Wengine wamekufa. Wengine bado."

"Bado," alirudia Mhandisi Montás, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu kichwani, akaaga kwa heshima.

Ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya zamani ya miwa, walikuwa wameanza kujenga mtaa mwingine. Kutoka uani kwa Confesora yaliweza kuonekana mabunda ya waya yakishushwa kwenye malori, yakimeta meupe juani, na katoni za tepu zikipangwa hadi urefu wa mtu. Maboksi hayakuonekana.

Mwezi wa Oktoba alikufa Toribio, aliyekuwa mkono wa kulia wa Ulpiano katika kazi. Niurka aliomba ruhusa kazini, akaja na mama yake kwenye maziko. Don Eladio alikuwepo, amemshika Fredesvinda kiwiko, umeme ulikuwepo na hakuna aliyelalamika. Mhandisi Montás alikuwepo pia. Alileta shada kubwa kuliko yote na kumpa mjane mkono kwa mikono yake miwili. Kabla jeneza halijafungwa, aliliendea peke yake, akainama, akamnong'oneza marehemu sikioni namba ya nyumba moja ya ng'ambo ya mto.

Toribio, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mhandisi jambo, aliitikia kwa kichwa. Kisha wakafunga.